Mtihani ni Novemba, usajili ni mwanzoni mwa mwaka: Njia ya kupata Cheti cha Kidato cha Nne nje ya mfumo wa shule

Kila mwaka ifikapo mwezi Novemba, watahiniwa wa kidato cha nne nchini huingia katika vyumba vya mtihani. Wengi wao huvaa sare za shule. Wapo pia wasiovaa sare: mama lishe, dereva wa bodaboda, mlinzi wa usiku, fundi cherehani, binti aliyekatiza masomo baada ya kupata ujauzito na mtumishi anayetaka kupanda cheo. Hawa ni watahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wao husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na cheti wanachokipata hutolewa na Baraza hilo hilo.

Pamoja na kwamba njia hii ipo kwa miaka mingi, wananchi wengi huifahamu nusu nusu. Wapo wanaodhani kwamba mtu aliyeishia darasa la saba anaweza kujisajili moja kwa moja kufanya mtihani wa kidato cha nne. Wapo wanaosubiri hadi Agosti au Septemba ndipo waulize habari za usajili, wakati mlango ulikwisha kufungwa miezi mingi kabla. Matokeo yake ni kupoteza mwaka mzima na, mara nyingine, fedha zilizolipwa kwa ajili ya masomo. Makala haya yanaeleza masharti ya msingi, hatua zake na mpangilio wa wakati ambao kila anayekusudia kupata cheti hicho anapaswa kuuzingatia.

Kwa nini cheti hiki kina uzito

Cheti cha Kidato cha Nne ni lango la mambo mengi. Tangu tarehe 20 Mei, 2004, elimu ya kidato cha nne ndiyo sifa ya chini ya kuajiriwa katika Utumishi wa Umma. Kwa sababu hiyo, hata matangazo ya nafasi za udereva yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka mwombaji awe na Cheti cha Kidato cha Nne pamoja na leseni ya daraja linalohusika. Matangazo hayo pia husisitiza kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliki. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe.

Uzito huo ndio uliowashawishi baadhi ya watu kutafuta njia za mkato. Ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma iliyokabidhiwa kwa Rais mwezi Aprili 2017 jijini Dodoma ilibaini watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Watumishi hao waliondolewa kazini, wakiwamo waliokuwa wametumikia kwa miaka mingi. Fundisho lililotokana na zoezi hilo ni kwamba cheti cha NECTA huhakikiwa kwa kulinganishwa na kumbukumbu za Baraza lenyewe, na kwamba kughushi hugundulika hata kama umepita muda mrefu. Jambo la kusikitisha ni kuwa njia halali ya kukipata cheti hicho, hata kwa mtu mzima aliyekwisha kuanza kazi, ilikuwapo wakati wote.

Mwelekeo wa nchi nao unazidi kukiongezea cheti hiki thamani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi tarehe 31 Januari, 2025, inaweka elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, yaani miaka 6 ya elimu ya msingi na miaka 4 ya sekondari ya chini. Kwa watoto walio shuleni sasa, kidato cha nne kitakuwa kiwango cha kawaida cha kila raia. Kwa watu wazima ambao hawakufika huko, elimu nje ya mfumo rasmi ndiyo itakayowasaidia wasibaki nyuma ya kizazi cha watoto wao.

Makundi ya waombaji na masharti yake

Sharti la kwanza la kulielewa ni kwamba watahiniwa wa kujitegemea hawako katika kundi moja, na kila kundi lina mahali pake pa kuanzia.

Kundi la kwanza ni la waliowahi kufanya Mtihani wa Kidato cha Nne lakini hawakuridhika na matokeo. Hawa wanaruhusiwa kujisajili moja kwa moja kurudia mtihani kwa kutumia namba na mwaka wa mtihani wao wa awali. Mwenye kurudia anaweza kuchagua masomo anayohitaji kuyaboresha. Mtu anayehitaji ufaulu wa somo la Hisabati ili ajiunge na chuo, kwa mfano, hulenga somo hilo na mengine yanayohusiana nalo.

Kundi la pili ni la waliohitimu elimu ya msingi na hawakuendelea na sekondari, au waliojiunga na sekondari wakakatiza masomo katika madarasa ya chini. Kwa hawa kuna hatua ya kwanza isiyorukwa: Mtihani wa Maarifa, unaofahamika zaidi kwa kifupi chake, QT. Mtihani huu hupima kama mtahiniwa amefikia kiwango cha maarifa kinacholingana na kidato cha pili. Anayefaulu hupata sifa ya kujisajili kufanya Mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Asiyefaulu hulazimika kujisajili upya na kuurudia.

Ni muhimu kutambua kwamba ufaulu wa Mtihani wa Maarifa si Cheti cha Kidato cha Nne na hauwezi kutumika badala yake katika ajira au udahili. Ni daraja la kuvukia tu. Aidha, aliyeacha shule katikati, hasa baada ya kufanya upimaji wa kidato cha pili, anashauriwa kupeleka kumbukumbu zake katika kituo cha mtihani zikaangaliwe kabla ya kuamua aanzie hatua ipi.

Kundi la tatu ni la waliosoma nje ya nchi au waliofanya mitihani ya mabaraza ya nchi nyingine, kwa mfano mtihani wa sekondari wa Kenya au wa Uganda, au ile ya Cambridge inayofanywa katika baadhi ya shule za kimataifa zilizopo nchini. Hawa hawalazimiki kufanya mtihani mwingine kwa sababu tu cheti chao hakikutolewa na NECTA. Wanachohitaji ni ulinganifu: Baraza hupokea cheti, hukithibitisha na kueleza kinalingana na kiwango gani cha Tanzania. Ulinganifu wa vyeti vya sekondari hufanywa na NECTA, wakati sifa za vyuo vya kati hushughulikiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), na shahada hushughulikiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Anayeomba kazi serikalini kwa cheti cha nje bila uthibitisho huo huhesabika kuwa hajakamilisha maombi yake.

Umri mkubwa si kizuizi kwa kundi lolote. Mzee mwenye wajukuu ana haki ya kuketi katika chumba kile kile cha mtihani pamoja na kijana wa miaka 20.

Kalenda ya usajili: mahali wengi wanapojikwaa

Mtihani wa Maarifa na Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika mwezi Novemba. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, hata hivyo, hufanyika mwanzoni mwa mwaka huo. Kwa utaratibu ambao umekuwa ukitangazwa na NECTA katika miaka ya karibuni, kipindi cha kawaida cha usajili huanza Januari Mosi na kuishia mwishoni mwa Februari, kikifuatiwa na mwezi Machi ambamo anayechelewa hulipa ada pamoja na faini. Baada ya hapo dirisha hufungwa.

Ada iliyokuwa ikitangazwa katika kipindi cha kawaida ni Shilingi 50,000 kwa Mtihani wa Kidato cha Nne na Shilingi 30,000 kwa Mtihani wa Maarifa. Kwa kuwa ada na tarehe hutangazwa upya kila mwaka, tangazo la Baraza la mwaka husika ndilo la kufuatwa.

Usajili wenyewe una hatua tatu. Kwanza, mwombaji hufika katika kituo cha mtihani anachotaka kufanyia mtihani na kupatiwa namba rejea. Pili, hulipa ada kwa utaratibu wa malipo ya Serikali. Tatu, hukamilisha fomu ya usajili katika tovuti ya Baraza kwa kutumia namba rejea hiyo, akiweka taarifa zake, picha na masomo atakayofanya. Namba ya mtihani ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na herufi P, tofauti na ya mwanafunzi wa shule inayoanza na herufi S. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu, kama vile uoni hafifu au kutoona, anapaswa kueleza hali yake wakati wa usajili ili aandaliwe karatasi zenye maandishi makubwa au za nukta nundu.

Eneo linalohitaji uangalifu wa pekee ni majina. Majina yanayojazwa katika fomu ndiyo yatakayoandikwa kwenye cheti. Anayerudia mtihani anapaswa kutumia majina yale yale aliyotumia awali, na anayeanza ahakikishe yanafanana na yaliyo katika cheti cha kuzaliwa na nyaraka zake nyingine. Tofauti ya herufi moja kati ya cheti cha shule na kitambulisho cha Taifa huweza kuwa kikwazo miaka mingi baadaye, siku ya usaili wa kazi au ya kufuatilia mafao.

Hesabu ya muda kwa mwenye elimu ya darasa la saba ni hii. Anayejisajili Januari kwa Mtihani wa Maarifa huufanya Novemba ya mwaka huo. Matokeo, ambayo kwa kawaida hutangazwa mwezi Januari, humkuta dirisha la usajili wa kidato cha nne likiwa wazi. Akijisajili mara moja, hufanya Mtihani wa Kidato cha Nne Novemba inayofuata na kupata matokeo Januari ya mwaka wa tatu. Kwa maneno mengine, safari nzima huchukua takriban miaka miwili. Lakini akisubiri kufurahia matokeo ya kwanza hadi Aprili, safari hiyo inakuwa ya miaka mitatu.

Mahali pa kusomea

Kujisajili kufanya mtihani na kujiandikisha kusoma ni mambo mawili tofauti. Baadhi ya wananchi hulipa ada katika kituo cha masomo ya jioni wakiamini kwamba wamekwisha kusajiliwa NECTA, kisha hugundua Novemba kwamba majina yao hayamo. Kila mwanafunzi wa kituo cha aina hiyo anapaswa kuwa na namba yake ya mtihani mkononi kabla dirisha la usajili halijafungwa, na asikubali maelezo ya mdomo pekee.

Kwa upande wa masomo, Serikali hutoa Elimu ya Sekondari kwa Njia Mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Mizizi yake inakwenda nyuma zaidi, hadi kwenye juhudi zilizoufanya mwaka 1970 utangazwe na Mwalimu Julius Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Chini ya utaratibu wa TEWW, masomo ya kidato cha kwanza na cha pili huunganishwa kuwa Hatua ya Kwanza, inayomwandaa mwanafunzi kwa Mtihani wa Maarifa. Na masomo ya kidato cha tatu na cha nne huunganishwa kuwa Hatua ya Pili. Taasisi ina ofisi mikoani chini ya Wakufunzi Wakazi, ambao ndio wa kuonwa kwa maelezo kuhusu vituo vilivyosajiliwa katika mkoa husika.

Wasichana waliokatiza masomo wana fursa mbili. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwaruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ikiwamo ujauzito, kurejea katika shule za mfumo rasmi. Kwa wasioweza au wasiopenda kurudi darasani na wadogo zao, Mradi wa Kuboresha Elimu ya Sekondari (SEQUIP) uliwawezesha kusoma kwa njia mbadala chini ya TEWW bila kulipa ada. Uamuzi wa kuchagua njia ipi ni wa msichana na familia yake, na njia zote mbili huishia kwenye cheti kimoja.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni lugha. Mhitimu wa darasa la saba wa shule nyingi za Serikali alisoma kwa Kiswahili, ilhali mitihani ya sekondari hujibiwa kwa Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili na mengine machache. Mtu mwenye uelewa mzuri wa Jiografia au Biolojia anaweza kushindwa kwa sababu tu hakuelewa swali. Anayeanza safari hii anashauriwa kutenga miezi ya mwanzo kwa ajili ya Kiingereza cha kusoma na kuandika. Vilevile, kwa kuwa mitaala iliyoboreshwa inatekelezwa kwa awamu, ni vyema kuthibitisha na kituo ni muhtasari upi utakaotumika katika mwaka wa mtihani kabla ya kununua vitabu.

Namna ufaulu unavyopimwa

Alama za Mtihani wa Kidato cha Nne hupangwa katika madaraja matano kwa kila somo: A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. Kila daraja lina pointi, A ikiwa na 1 na F ikiwa na 5. Pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi hujumlishwa. Jumla ya 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 la Pili, 22 hadi 25 la Tatu, 26 hadi 33 la Nne, na 34 au 35 ni sifuri.

Hesabu hiyo ina maana kwamba mwenye D mbili na F tano hupata pointi 33, yaani Daraja la Nne. Anastahili cheti, lakini milango inayofunguka kwa cheti hicho ni michache. Ngazi ya astashahada katika vyuo vya kati kwa kawaida huhitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Kidato cha tano huhitaji angalau C katika masomo matatu, bila kuhesabu ya dini. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua masomo, mtahiniwa anapaswa kujiuliza cheti anakitakia nini, kisha achague masomo yanayoendana na lengo hilo badala ya kufuata yaliyochaguliwa na wenzake.

Baada ya matokeo

Matokeo yanapotangazwa, kazi haijaisha. Cheti chenyewe hutumwa baadaye katika kituo ambacho mtahiniwa alifanyia mtihani, naye anapaswa kukifuata. Vipo vyeti vinavyokaa vituoni kwa miaka kwa sababu wenyewe walihama au walitosheka na kuona majina yao kwenye tovuti. Siku ya kuomba kazi ndipo hukumbuka kwamba hati ya matokeo haikubaliki.

Kwa muhtasari, mwananchi anayekusudia kufanya mtihani mwaka ujao anaweza kuanza maandalizi sasa kwa mambo manne: kutafuta cheti chake cha kuzaliwa na cha elimu ya msingi, kulinganisha majina yaliyomo, kumwona Mkufunzi Mkazi wa TEWW au mkuu wa kituo cha mtihani kilicho karibu, na kuweka akiba ya ada kabla ya Januari. Taarifa rasmi za tarehe, ada na vituo hutolewa na NECTA kupitia tovuti yake na ofisi zake.

Waliokosa nafasi utotoni kwa sababu ya umaskini, ugonjwa, ndoa au umbali wa shule hawakuandikiwa kuikosa maisha yao yote. Cheti watakachokipata hakitaeleza kwamba walichelewa. Kitaeleza masomo waliyofaulu, kama cha mhitimu mwingine yeyote.